Pampu ya kisima ikifa, usikimbilie dukani

Leo nakueleza kosa langu mwenyewe, ili wewe usilirudie.

Oktoba iliyopita pampu ya kuzamisha ya kisima changu hapa Mlali iliacha kupandisha maji. Nyanya zilikuwa ndiyo zinaanza kutoa maua. Nikabeba laki tano, nikapanda basi hadi Dodoma mjini, nikanunua pampu ya laki nne. Nikarudi nimefurahi, chenji ninayo.

Fundi alipoivuta ile ya zamani, tukakuta waya umechubuka, kamba imeoza na bomba limepasuka kwenye maungio. Nikarudi mjini: nauli tena, vifaa, na siku nyingine ya fundi. Tulipowasha, maji yakawa ya kudondoka tu. Pampu iliandikwa H max mita 45. Maji yangu yako mita 35 chini, na tenki liko mita 5 juu ya ardhi. Nilijua 40 inaingia kwenye 45. Kumbe H max ni urefu ambao pampu ikifika haitoi hata tone! Tena maji ya kisima hushuka pampu ikianza kuvuta. Nikanunua nyingine, na nyanya zilishakauka.

Basi wewe fanya hivi:

1. Mwite fundi apime kwanza umeme na kapasita ya kwenye kisanduku cha kuwashia. Pengine kilichokufa ni kapasita, na hiyo ni pesa ndogo.

2. Vuta pampu juu kabla ya safari. Kagua waya, bomba, maungio na kamba.

3. Pima maji yako wapi kwa kamba yenye uzito. Ongeza mita ambazo maji hushuka yakivutwa, ongeza urefu wa tenki, halafu ongeza moja ya kumi ya jumla hiyo kwa ajili ya msuguano wa bomba. Dukani usiulize H max tu. Uliza: kwa urefu huu, inatoa lita ngapi kwa saa?

4. Andika kwenye daftari bei ya kila kitu, pamoja na nauli na fundi. Weka na akiba kidogo.

Jumla ya daftari ndiyo gharama yako. Bei ya pampu ni mstari mmoja tu. Usiuze gunia la alizeti kabla hujaiona jumla hiyo.