Na Mtu Akipiga Kutoka Mlalo?

Simu ya mezani ya siku hizi, ile inayochomekwa kwenye kebo ya mtandao, haimjui mtu. Ukibonyeza namba ya maabara, inaiuliza seva: maabara iko wapi? Upande wa pili ukishapokea, kwa kawaida sauti hupita kati ya simu na simu bila kupitia kwenye seva. Ndiyo maana seva inaweza kuzimwa katikati ya mazungumzo na wanaoongea wasijue. Watajua wakishakata na kutaka kupiga tena.

Hayo niliyasoma darasani. Niliyaona mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja ya milimani, wilayani Lushoto. Swichi kuu ilikuwa ibadilishwe usiku, na seva ya simu ilichomekwa humo humo. Kabla ya kuigusa, simu zote zilipaswa kuhamia seva ya akiba, jengo la utawala.

Kuhama kwenyewe si kazi kubwa. Kila simu hujiandikisha kwenye seva na kurudia baada ya muda, mara nyingi sekunde 3600. Saa nzima! Wodi ya wazazi haiwezi kungoja hivyo. Siku mbili kabla tukaupunguza muda ule hadi sekunde 60, ili simu ikikosa jibu igeukie mapema seva ya pili kwenye orodha yake. Tukajaribu na simu ya stoo. Ikahama, ikalia. Fundi aliyetoka Dar es Salaam, kaka mcheshi mwenye masweta mawili na bado akiulalamikia ukungu, akaandika kwenye mpango: tayari.

Jioni ya kazi tukapita wodini kutoa taarifa. Sista wa zamu akaitikia shikamoo zetu huku akikunja mashuka, akasikiliza mpaka mwisho.

"Na mtu akipiga kutoka Mlalo?"

"Zinahama zote, mama," fundi akamjibu.

"Sijauliza zote. Nimeuliza Mlalo."

Zahanati ikipata mama anayetoka damu hupiga namba ya mezani, ile inayoanza na 027, kwa sababu simu ya mkononi ya sista huenda imeisha chaji, na mtandao wenyewe hupotea nyuma ya milima. Wakiwahi kupiga, damu inatafutwa gari likiwa bado njiani. Na barabara zile, mvua ikinyesha, huwezi kuzihesabia dakika.

Tukaenda kuangalia. Kisanduku kinachopokea laini ya nje kilikuwa na anwani ya seva moja tu, ile inayozimwa. Majaribio yote ya ndani yangefaulu, na anayepiga kutoka nje asingempata mtu. Mpango ulikuwa na kurasa sita, Mlalo haikuwamo.

Anwani ya pili ikaongezwa kabla ya saa nne usiku. Sista naye akapanga jaribio lake: mwenzake wa zahanati moja ya huko apige saa nane na nusu.

Saa nane seva ikazimwa. Namba zikapotea kwenye vioo vya simu, kisha zikarudi, wodi baada ya wodi. Saa nane na nusu simu ya wodi ya wazazi ikalia. Nilitegemea waulizane kama wanasikika, wakate. Wakaanza na salamu za Kisambaa, ndefu kama zilivyo, kisha wakaingia kwa mama mmoja aliyefika zahanati usiku ule: mimba ya miezi minane, kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu, presha juu.

Fundi akanipigia kwa simu ya mkononi kutoka chumba cha seva. Achomoe swichi? Sauti ile ilikuwa bado inapita humo. Kebo ya pili ya wodi ingeshika, ila baada ya sekunde kadhaa za kimya.

"Subiri kwanza, kaka."

"Mpaka lini?"

Sikumjibu. Sista alikuwa akiandika kwenye daftari la zamu, mkonga ameubana kwa bega. Ilichukua dakika saba. Akamwita msaidizi wake aandae kitanda, ndipo akanigeukia.

"Haya, zimeni."