Kitufe cha Kung'ang'ania

Shadow of the Colossus ilipotoka kwenye PlayStation 2 mwaka 2005, wengi tulisifu ukubwa wa majitu yake 16. Siku hizi mimi naisifu kwa kitufe kimoja tu, R1. Ukikibonyeza, kijana Wander anashika manyoya ya jitu, ukikiachia, anaporomoka. Wala huwezi kushika milele, maana duara la nguvu pembeni mwa skrini linazidi kusinyaa huku jitu likijitikisa. Mtunzi wake, Mjapani Fumito Ueda, alishakitumia kitufe hichohicho katika Ico ya 2001, ila kule mvulana alikuwa anamshika msichana mkono ili watoroke ngomeni pamoja.

Wander anang'ang'ania jambo zito zaidi. Msichana Mono amekufa, naye amembeba kwa farasi hadi hekaluni, katika nchi iliyokatazwa, ambako sauti ya Dormin inamwambia kwamba majitu yote yakiuawa, huenda akarudi. Inamwonya pia kuwa gharama inaweza kuwa kubwa. Hajali. Aliyefiwa ana muda wa kuuliza bei?

Lakini halipi peke yake, na hapo ndipo gemu hii iliponikaba. Jitu la 13 huelea juu ya jangwa na halikushambulii hata mara moja. Unatoboa vifuko vya hewa tumboni mwake kwa mishale, linashuka, mabawa yanaburuta mchangani, unalirukia kutoka mgongoni mwa farasi na kulichoma upanga. Likianguka, muziki wa Kow Otani unageuka kuwa maombolezo. Nimewaona watu wakiuza shamba ambalo lingewasomesha wadogo zao, ili mgonjwa ambaye madaktari wameshamrudisha nyumbani apelekwe kwa mganga mwingine tena. Simlaumu anayeuza. Ila siku hizi nawatazama na wale wadogo.

Mwaka 2018 kampuni ya Bluepoint Games ya Texas iliirudisha kwenye PlayStation 4, picha zote zikiwa zimetengenezwa upya, nyasi na manyoya yakipeperuka hadi unasahau kucheza. Walificha hata sarafu 79, maana kuna wachezaji walioipekua nchi ile tupu miaka na miaka, wakiamini lazima ipo siri iliyobaki. (Nao walikuwa na ung'ang'anizi wao.) Kimoyomoyo nilitumaini kwamba na mwisho umelainishwa. Wapi! Upepo bado unamvuta Wander kuelekea dimbwini, mbali na Mono, nawe umeachiwa kitufe chako ushike ngazi, ushike chochote. Kuchelewesha unaweza, kuzuia, huwezi.

Nadhani Bluepoint walifanya vema kutopagusa hapo. Waliojua kurekebisha nyasi wangeweza kurekebisha na msiba, na wengi wetu, mimi nikiwamo, tungewashukuru sana, kisha baada ya wiki mbili tungekuwa tumehamia gemu nyingine.