Pampu ya kijijini kwetu na jua la Culham

Najua nimepotea, UE zilinibana halafu boom likachelewa, lakini leo lazima niandike.

Wiki hii tunapeleka majina ya miradi ya mwaka wa nne. Mwenzangu wa chumbani kapagawa na mitambo ya kuunganisha atomi, ile inayotaka kututengenezea kajua ka hapa duniani. Kanipigia stori mpaka saa nane usiku. Kumbe jamani shida si joto tu. Nyutroni zinagonga kuta za ndani mpaka zinachakaa na kuwa na mionzi, huwezi kuingia na spana yako. Pale Culham, Uingereza, mtambo wa JET (ulifanya kazi 1983 hadi 2023) ulibadilishiwa vipande vya chini mwaka 1998 kwa mikono ya roboti, waendeshaji wamekaa zao chumba kingine! Na kila kitu kinapitia vitundu kati ya sumaku. Ndiyo maana wahandisi wa MIT, kwenye mchoro wao wa ARC wa 2015, waliweka sumaku zinazofunguka ili chombo cha ndani kinyanyuliwe kizima.

Nikamwambia, bwana wee, swali hilo nimelikuta Nzega. Kinachochakaa kitatokea wapi?

Bomba la Ziwa Victoria limefika mjini, kijijini kwetu bado. Tuna pampu ya mkono aina ya India Mark II. Silinda yake iko chini kabisa na ni nene kuliko bomba. Kimpira cha pistoni kikiisha, unang'oa mabomba yote ya chuma, kwa winchi na mafundi wa kukodi. Yetu imelala toka Juni. Mayu karudi lamboni kugombea maji na ng'ombe, mdogo wangu wa darasa la sita anaingia shule saa nne.

Kijiji cha jirani wana Afridev, iliyofanyiwa majaribio Kwale, Kenya, na Malawi miaka ya 1980. Bomba ni la plastiki, pana, pistoni inapita humohumo. Unavuta fimbo, unabadilisha kimpira, spana moja tu. Kinamama wawili na fundi baiskeli wanamaliza kabla ya ugali. Ila nisiisifie mno: kisima kikizidi mita 45 hivi inashindwa, na bomba lenyewe likipasuka ni kesi nyingine.

Sasa mimi nataka kubuni kifaa cha kung'olea mabomba ya Mark II bila winchi, kitu ambacho fundi wa pale senta anaweza kukichomelea. Msimamizi wangu kaniambia hiyo ni kazi ya mafundi mchundo, nitafute kitu chenye hadhi ya digrii. Mwenzangu kacheka, kasema roboti za JET nazo ni mafundi mchundo basi.

Fomu nimeshaijaza, jina ni hilohilo. Naipeleka Ijumaa asubuhi, tuone. Kama kuna mtu kashawahi kung'oa Mark II kwa mikono, aniandikie jamani. Acha nikimbilie foleni ya ndoo, hall yetu maji yamekatika toka jana.