Lenzi Isiyovuta

Washarika wanapoiona kamera ya usharika, swali la kwanza huwa lile lile: "Inavuta mpaka wapi?" Tukijibu kwamba haivuti kabisa, wengi hucheka wakidhani ni utani. Sisi wanne tunaohudumu kwa picha tumezoea kicheko hicho. Lakini lenzi hiyo isiyovuta imetufundisha jambo kuhusu kumpenda jirani, na ndilo tunaloliandika hapa.

Kwanza tuieleze lenzi yenyewe. Ni ndogo, nene kiasi cha sentimita mbili na nusu tu, na uzito wake ni gramu 120, nyepesi kuliko simu nyingi. Ni ya milimita 28, nayo hubaki hapo hapo siku zote. Imefungwa kwenye kamera isiyo na kioo cha ndani, zile ambazo mafundi huziita mirolesi. Katika kamera nyingi za zamani za wapiga picha wa harusini, kioo hukaa nyuma ya lenzi na kuupeleka mwanga juu kwenye jicho la mpigaji, na kila picha inapopigwa kioo huruka kwa kishindo. Kioo kilipoondolewa, lenzi iliweza kukaa karibu na sehemu inayopokea mwanga, na hivyo lenzi za pembe pana zikaweza kutengenezwa ndogo namna hii.

Pembe pana maana yake ni kuona mengi kwa mara moja. Lenzi hii huona takriban nyuzi 75 kutoka kona hadi kona, wakati ile ndefu ya milimita 200 huona nyuzi 12 tu. Mwenye lenzi ndefu aweza kusimama mlangoni mwa kanisa akapata chozi la bibi harusi aliyeko madhabahuni, wala bibi harusi asijue. Mwenye lenzi yetu akisimama mlangoni atapata dari, migongo ya watu, na mchungaji mdogo kama punje ya maharage. Akitaka uso wa mtu, hana budi kutembea mpaka alipo mtu huyo.

Kutembea huko kuna adabu yake. Kabla ya ibada tunazungumza na mchungaji ili tujue ni wapi tukae na ni wakati gani tusisimame kabisa. Hatuwashi flashi. Kamera inaweza kupiga picha bila sauti yoyote, ingawa chini ya taa za LED njia hiyo wakati mwingine huacha mistari kwenye picha, na hapo tunarudi kwenye njia yenye mlio mdogo. Pia tunajihadhari na umbali. Ukimkaribia mtu mno, pua yake inakuwa kubwa kuliko aliyopewa na Mungu. Ukimweka pembeni mwa picha, kichwa chake kinanyooka kama papai. Kwa hiyo tunasimama hatua mbili hivi mbele yake na kumweka karibu na katikati. Huo ni umbali wa watu wanaozungumza. Mtu anakuona, unamsalimu, naye ana nafasi ya kukubali au kukataa.

Hiyo nafasi ya kukataa ndiyo iliyotujaribu.

Kila mwaka wakati wa Majilio, kamati ya diakonia huwatembelea wagonjwa na wazee wasioweza kufika ibadani. Hupeleka unga, sukari, sabuni na mafuta, na mchungaji huwapa Meza ya Bwana. Sisi hufuatana nao, kwa kuwa taarifa inaposomwa kanisani washarika hupenda kuona sadaka zao zimefika wapi. Mwaka mmoja tulifika kwa babu mmoja aliyewahi kuwa mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya kuu. Kiharusi kilikuwa kimemlaza. Kamati ilikusudia kumchangishia kiti cha magurudumu.

Baada ya sala tulimsogelea, tukampa shikamoo, tukamwuliza kama tunaweza kumpiga picha moja.

"Wanangu, msinipige," alisema. "Watu wananikumbuka nikiwa nimesimama."

Tulirudisha kamera mfukoni. Lakini njiani, kati ya migomba, tulibishana. Mmoja wetu alisema picha moja ya babu kitandani ingepata fedha za kiti katika Jumapili moja, na kwamba hata simu ingeweza kuivuta kutoka mlangoni. Alisema hivyo kwa upendo, maana babu alikuwa anateseka. Mwingine akauliza: tukimletea kiti kwa njia hiyo, tutamwangaliaje usoni akiwa ameketi ndani yake? Hatukuafikiana upesi. Mwishowe taarifa ilisomwa bila picha. Michango ilikuja polepole, na kiti hakikununuliwa mpaka mwisho wa Februari. Inawezekana kabisa picha ingeharakisha. Kungoja kulikuwa na gharama, na aliyeilipa ni babu, si sisi. Tunalisema hili ili mtu asidhani kwamba kumheshimu mwenzako ni kazi isiyo na bei.

Katika miezi hiyo tulisoma pamoja Injili ya Marko. Katika sura ya 8, Yesu analetewa kipofu kule Bethsaida. Kabla ya kumponya anamshika mkono na kumtoa nje ya kijiji. Watu waliomleta wangefurahi kuona kila kitu, lakini mtu yule hakufanywa kuwa maonyesho. Na katika sura ya 10, Bartimayo anapolia kando ya njia ya Yeriko, Yesu anamwuliza anataka afanyiwe nini. Kila aliyekuwepo aliona kwamba Bartimayo ni kipofu. Hata hivyo Bwana aliuliza, akamwachia mwenye shida aseme mwenyewe. Nguvu zote zilikuwa mkononi mwake, naye alisimama na kuuliza. Sisi wenye kamera tu mkononi tungepata wapi haki ya kutouliza?

Baada ya Pasaka babu alimtuma mjukuu wake atuite. Tulimkuta katika kile kiti, amevaa koti lake la ibada na tai, amenyolewa ndevu. Wajukuu saba walikuwa wamekwisha kuoga. "Sasa nipigeni," alisema, "ili hawa wabaki nayo."

Chumba hakikufika mita tatu kutoka ukuta hadi ukuta, na dirisha lilikuwa moja. Lenzi ndefu ingepata sikio la babu na bega la mjukuu. Ile ndogo, mpigaji akiwa amebana mgongo ukutani, iliwapata wote wanane. Tulimweka babu katikati, wadogo mbele yake, tukaacha pembeni ukuta na pazia ili asiwepo mtu wa kunyooka kichwa. Babu aliitaka kamera aikague. Akaitazama kwa makini, kisha akasema, "Huyu mdogo kaangalia kuku. Rudieni." Tukarudia.

Picha hiyo haikuingia katika taarifa yoyote. Iko ukutani kwake.

Wapendwa, leo karibu kila mmoja wetu ana kamera mfukoni, na simu zinavuta vizuri. Tunapiga picha misibani, hospitalini, mtu anapotubu akilia mbele ya madhabahu, kisha tunatuma kwenye makundi kabla hata hajafuta machozi. Wapo wanaofurahi kupigwa, na picha hizo huwatia moyo wengi. Lakini tusogee kwanza. Tumsalimu mtu kwa jina, tumwulize, na akisema hapana tukae naye pale pale, bila kamera. Kwa babu yule tuliendelea kwenda kila mwezi kabla hajatuita, kumsomea Neno na kuimba naye sauti ya nne, ambayo kiharusi hakikumnyang'anya.