Kioo cha Vibao

Mpwa wangu alinionyesha katika simu yake sinema fupi ya kioo kisichokuwa na kioo ndani yake. Kilitengenezwa mwaka 1999 na Daniel Rozin, msanii wa New York, Marekani. Ni vibao vya mbao 830 vilivyopangwa katika fremu, na nyuma ya kila kibao pana mota ndogo. Katikati imefichwa kamera. Mtu akisimama mbele, kompyuta huipokea picha yake na kukiamrisha kila kibao. Kiinukacho kuielekea taa iliyo juu hung'aa. Kiinamacho huwa na giza. Na kwa mwangaza na giza hilo sura ya mtu hudhihiri juu ya mbao tupu. Hapana kibao hata kimoja kiijuacho sura hiyo. Kazi ya kila kimoja ni kuinuka na kuinama tu.

Nilisema Subhanallah, nikaendelea na shughuli zangu.

Siku ya pili, nikiingia chuoni baada ya alasiri, nilisikia ndani mtu akigomba: "Kichwa chako kimejaa mchanga!" Kumbe ni mwanafunzi wa miaka tisa amsomesha mdogo wake herufi. Mkono kaunyanyua kama niunyanyuavyo mimi, na maneno ni yangu, niliyomwambia yeye juma lililopita mbele ya wenziwe. Yule mdogo alikuwa akilia.

Ndugu zangu wazazi, hapo ndipo nilipokiona kile kioo. Twalalamika kuwa watoto wa leo hawana adabu, wala hatuulizi ni nani aliyesimama mbele yao. Mtume wetu (s.a.w.) amemfananisha muumini na kioo cha mwenziwe, na kioo changu siku ile kilikuwa mtoto wa miaka tisa.

Lakini pana tofauti. Vibao vile humsahau mtu mara aondokapo. Mtoto hasahau. Sisi tutakwenda zetu kaburini, na sura zetu zitabaki zikiwagombeza wajukuu.

Nilikaa nao mkekani, nikamwambia yule mkubwa, "Mwanangu, neno lile nilikosea kukuambia. Nisamehe." Hakujibu, aliinamisha kichwa. Kisha akamgeukia mdogo wake, akakiweka kidole chake juu ya herufi, akasema taratibu, "Tuanze tena."

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutengenezee tabia zetu kabla watoto wetu hawajazichukua. Amin.