Picha za Usiku kwa Kamera Ndogo: Zima Flashi, Tulia



Wapendwa wasomaji, kila mwaka baada ya Mkesha wa Pasaka waamini na ndugu zetu waseminari hutuuliza swali lilelile: kwa nini picha za usiku ule hazifanani na tulichokiona? Macho yaliona kanisa lenye giza, mshumaa mmoja ukitangulia, na nyuso zikianza kung'aa moja baada ya nyingine. Picha inaonyesha mashati yaliyopauka, ukuta mweusi nyuma, na macho mekundu. Sisi wa kamati ya habari hapa seminarini tunatumia kamera moja ndogo ya dijitali, ile inayoingia mfukoni mwa shati. Tumeitumia katika mikesha, katika maandamano ya Ekaristi na kwenye misiba, na tungependa kuwashirikisha tuliyojifunza.

Tuanze na jambo la darasani. Tunaosoma falsafa tunafundishwa kwamba giza si kitu chenye kuwepo kwake chenyewe. Ni ukosefu wa mwanga, kama Mtakatifu Augustino alivyoeleza kuwa ubaya ni ukosefu wa wema. Kamera nayo haipigi picha ya giza. Inakusanya mwanga uliopo. Ndani yake mna kipande kinachoitwa sensa, ambacho katika kamera nyingi za aina hii kina upana wa milimita 6 hivi, mdogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho. Kipande kidogo namna hiyo hukinga mwanga kama kikombe kinavyokinga maji ya mvua. Mvua ikiwa ya manyunyu, kikombe kiachwe nje muda mrefu zaidi.

Wengi wetu hatungoji. Tunaiacha kamera iwashe flashi. Lakini flashi ya kamera ndogo hufika mita 3 au 4 tu. Ukiwa katikati ya kanisa inamulika migongo ya walio mbele yako, na altare inabaki gizani. Tena mwanga wake mweupe unaufuta ule wa rangi ya dhahabu wa mshumaa, ambao ndio uliokufanya utoe kamera mfukoni. Na kuna jirani yako anayesali. Ukimmulika usoni wakati huo umemtoa katika sala yake. Kwa hiyo tafuta kitufe chenye alama ya radi, chagua ile radi iliyokatwa kwa mstari, na flashi itazimika. Kisha ingia kwenye menyu uzime mlio wa kamera, pamoja na kile kitaa kidogo kinachowaka mbele kamera inapotafuta shabaha.

Flashi ikishazimwa, kamera italazimika kufungua jicho lake muda mrefu, pengine nusu sekunde au sekunde nzima. Hakuna mkono wa mtu unaotulia kiasi hicho. Usiishike basi. Iweke juu ya egemeo la benchi, kwenye dirisha, au iegemeze kwenye nguzo. Sisi tumeshona kimfuko cha kitambaa tukakijaza maharage kutoka jikoni. Kamera ikilala juu yake haitikisiki, na unaweza kuielekeza utakako. Halafu tumia taima ya sekunde 2, ili hata kidole chako kisiitikise unapobonyeza.

Mambo mengine matatu ni mafupi. Kwanza, ISO, yaani kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga ilioupata. Jaribu 400 au 800. Kwenye 1600 kamera ndogo nyingi huleta chengachenga kama televisheni yenye antena mbovu. Pili, usivute picha kwa zumu. Lenzi ikitoka f/2.8 ikafika f/5.6, mwanga unaoingia umebaki robo. Ni heri kuomba ruhusa kwa Baba Paroko mapema na kuchagua mahali pa karibu. Tatu, kamera ikiona giza jingi hujaribu kuling'arisha, na mwali wa mshumaa unageuka doa jeupe. Punguza mwangaza hadi -1, na mwali utarudi kuwa mwali.

Hapa anayeijua liturujia ana faida. Shemasi aliyebeba mshumaa wa Pasaka husimama mara tatu. Baada ya tangazo la pili waamini huwasha mishumaa yao. Baada ya la tatu taa za kanisa huwashwa. Usihangaike naye anapotembea. Mngoje asimame. Kila mtu anatulia, na nusu sekunde yako inatosha.

Mkesha mmoja umeme ulikatika kabla ya ubatizo, ukaendelea kukatika hadi mwisho. Aliyebatizwa usiku ule alikuwa mzee wa kigango jirani, mwenye wajukuu wakubwa. Msimamizi wake aliuwasha mshumaa kutoka ule wa Pasaka, akamkabidhi. Mzee akaushika kwa mikono miwili, akauangalia bila kupepesa. Kamera ilikuwa juu ya kimfuko cha maharage, ISO 800. Tukapiga moja.

Mzee yule alifariki mwaka huohuo. Mjukuu wake alikuja getini kutuuliza, "Frateri, ile picha ya babu mnayo bado?" Nyumbani walikuwa na picha ya kitambulisho peke yake. Tukaisafisha kubwa, ikawekwa kwenye fremu, ikatangulia mbele ya jeneza pamoja na msalaba. Ukiisogelea utaona chenga kwenye paji la uso, na ncha ya kidole kimoja haikutulia sawasawa. Hakuna aliyezitaja. Bibi, mjane wake, aliipapasa kwa kiganja akasema, "Hivi ndivyo alivyokuwa usiku ule."

Ndugu wasomaji, mkiwa mnajiandaa kwa mkesha unaokuja, chajini betri mchana na mfute picha za zamani kwenye kadi. Fanyeni mazoezi nyumbani usiku mmoja kwa mshumaa mmoja mezani, ili kanisani msibaki kuhangaika na menyu. Kisha jiwekeeni idadi. Sisi tunapiga picha 10, si zaidi. Ya kumi ikishapatikana kamera inarudi mfukoni, nasi tunawasha mishumaa yetu kutoka kwa jirani na kuimba pamoja na wengine.