Sungura Jike wa Beni

Mwisho wa mwaka 2014 watu wengi walikimbia mashamba yao katika eneo la Beni. Usiku watu waliuawa vijijini, na asubuhi njia ya kwenda Butembo ilijaa wenye magodoro vichwani. Kati yao alikuwamo mama mmoja na watoto wake watatu. Mbuzi wao wawili walibaki nyuma, kwa sababu mbuzi hapakiwi juu ya pikipiki pamoja na watoto. Lakini binti mkubwa, mwanafunzi wa mwaka wa tano, alishika kikapu mapajani. Ndani ya kikapu alikuwamo sungura jike mweupe mwenye masikio ya kijivu, naye alikuwa na mimba.

Toka Beni mpaka Butembo ni kilometa 50 na kidogo tu, lakini njia hiyo hupanda. Beni iko kwenye mita 1,100 hivi juu ya bahari. Butembo imepita mita 1,700. Miji yote miwili iko karibu sana na ikweta, na mgeni angefikiri kwamba joto lake ni moja. Sivyo. Kule Beni mtoto huweza kulala bila blanketi. Kule Butembo, alfajiri, ukungu hukaa kati ya mikaratusi, na watu huenda sokoni wamevaa makoti.

Wakapokewa na mama mkubwa, dada wa mama yao, aliyekuwa na nyumba ya matofali na ua mdogo. Binti akajenga kizimba cha mianzi sawasawa na kile cha Beni, chenye sakafu ya nafasi nafasi ili mavi yaanguke chini. Akatandika majani makavu kidogo kwenye pembe. Siku ya 20 baada ya kufika, jike akazaa watoto 6.

Mtoto wa sungura ni kitu kidogo sana. Hana manyoya, ngozi yake ni nyekundu, macho yamefungwa na masikio hayasikii. Uzito wake ni gramu 50 au 60, kama yai la kuku. Binti akaketi mbele ya kizimba mchana kutwa. Akaona jike amekaa upande wa mbali anatafuna majani, wala hawageukii watoto wake. Binti akaogopa. Akawatoa watoto mmoja mmoja, akawaweka kwenye maziwa ya mama yao. Jike akapiga teke. Wadogo zake nao wakawashika, wakapokezana mikononi. Asubuhi ya tatu watoto wote 6 walikuwa wamekufa, wawili wameliwa nusu.

Mama mkubwa akakunja uso. “Mnyama anayekula watoto wake hafai nyumbani,” akasema. “Jumamosi auzwe kwa nyama.”

Nyama ya sungura mmoja si pesa nyingi. Lakini wakati ule, kabla ya mwaka 2019, wazazi wa Kongo walilipa pesa kila mwezi hata katika shule za msingi za serikali, na asiyelipa alirudishwa nyumbani. Mama alikuwa hana shamba tena. Jike yule ndiye aliyekuwa mali yao yote.

Jirani yao alikuwa mzee seremala aliyefuga sungura miaka mingi. Aliposikia kilio alikuja, akainama, akatazama kizimba kwa muda mrefu.

“Mjukuu wangu,” akauliza, “ulimwona akinyonyesha saa ngapi?”

“Sikumwona hata mara moja, Babu. Nilikaa mchana kutwa.”

“Mchana! Na usiku je?”

“Usiku nililala.”

Mzee akacheka, kisha akanyamaza, maana mtoto alikuwa analia kweli. Akaketi juu ya gogo.

“Sikiliza. Huyu si yule sungura wa hadithi. Yule wa porini huzaliwa na manyoya yake, macho wazi, na baada ya muda mfupi aweza kuruka. Huyu wa kufugwa, wazee wake walitoka Ulaya, upande wa Hispania. Huko huchimba mashimo. Jike huzalia ndani ya shimo, hutoka, huziba mlango kwa udongo ili wanyama wakali wasisikie harufu. Hurudi mara moja kwa siku, usiku au alfajiri, hunyonyesha dakika 3 au 4, basi, huenda zake. Maziwa yake ni mazito, yanatosha mpaka kesho. Ukimwona amekaa mbali, ujue anawaficha.”

“Mbona aliwala?”

“Walikufa kwanza kwa baridi. Upepo wa Butembo ulipita chini ya mianzi yako. Naye alikuwa anasafisha nyumba. Ulimpa maji?”

“Nilimpa majani mabichi, nikafikiri yanatosha.”

Mzee akatikisa kichwa. Jike anayezaa huona kiu kali, na jike mwenye kiu huweza kula hata mtoto aliye hai.

Mama akamwomba dada yake awape miezi 2. Mama mkubwa akakubali, lakini akasema atahesabu siku. Naye alihesabu kweli.

Jike akapumzishwa wiki 2. Kisha binti akambeba mpaka kwenye kizimba cha dume la mzee. Ni lazima jike aende kwa dume. Dume akipelekwa kwa jike, jike hutetea nyumba yake kwa meno na kucha. Binti akaandika tarehe kwa mkaa ukutani. Mzee akamtengenezea sanduku la mbao lenye kizingiti cha sentimeta 15 mbele, akampa na maranda safi ya kutandika. Miguu ya kizimba ikasimamishwa ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, maana siafu wakipanda usiku hawaachi hata mfupa. Magunia yakafungwa pande zote, isipokuwa juu kidogo ili hewa ipite.

Siku ya 28 sanduku likaingizwa. Siku ya 30 jike akaanza kubeba majani mdomoni, akang’oa manyoya ya tumbo lake mwenyewe na kujaza sanduku. Alfajiri ya siku ya 31 manyoya yale yalikuwa yanacheza yenyewe.

Safari hii binti hakuketi mbele ya kizimba. Hilo lilimshinda kuliko kazi zote za kuchota maji na kukata majani. Asubuhi alinawa mikono, akaisugua kwa majani ya kizimba, akafunua manyoya mara moja tu. Walikuwa 8; mmoja amezaliwa mfu, akamtoa. Mzee alikuwa amemfundisha alama: tumbo likiwa duara kama ngoma, mtoto amenyonya, ngozi ikiwa na mikunjo kama shavu la mzee, ana njaa. Matumbo yote 7 yalikuwa ngoma.

Siku ya 6 akamkuta mmoja nje ya sanduku, baridi kama jiwe. Alikuwa ameng’ang’ania titi wakati mama yake anatoka, akaanguka, na sungura hajui kumrudisha mtoto kwa mdomo kama paka. Binti alitaka kumtupa. Halafu akamtia kifuani, ndani ya nguo, akaenda kupika uji. Uji ulipochemka, kitu kikamkwaruza kifuani.

Siku ya 11 macho yakafunguka. Siku ya 20 wakaanza kutoka wenyewe. Hatari haikuisha hapo: mdogo wake alileta majani ya kishona nguo yaliyolowa mvua, na sungura wawili wakaharisha, wakafa kwa siku 2. Tangu hapo majani yalianikwa kwanza mpaka yakanyauka, na sakafu ikafagiliwa kila asubuhi. Majani ya viazi vya kizungu, yaliyojaa mashamba ya huko, hayakuingia kabisa, kwa kuwa yana sumu.

Walipofika wiki 5 walibaki sungura 5. Majike 2 waliwekwa. Madume 2 waliuzwa sokoni, na pesa zikapelekwa shuleni kabla ya mwisho wa mwezi. Wa tano alikuwa yule wa kifuani, mdogo kuliko wote. Mama mkubwa ndiye aliyemtaka. Aliomba pia mbao za sanduku, akauliza kizingiti kinapimwaje.